Kiatu Kipya Hakipandi Jukwaani

Kwenye ngazi za zege nyuma ya jukwaa, msichana ameshika kiatu cha satini kwa kisigino na anakipigiza ncha kwenye kona ya ngazi kama mtu anayepasua nazi. Kiatu ni kipya kabisa, hakijavaliwa hata mara moja. Akimaliza kukipiga atakikunja wayo kwa mikono miwili, ataukwangua kwa wembe, kisha atatia gundi ndani ya ncha. Asiyeijua baleti angedhani anakiharibu. Kumbe ndiyo kwanza anakitengeneza.

Watazamaji wengi huamini kwamba ndani ya ncha ya kiatu hicho mna mbao au chuma. Hamna. Mna matabaka ya kitambaa, karatasi na nguo ya gunia, yaliyoshikanishwa kwa gundi na kukaushwa hadi yakakakamaa. Chini ya wayo hupita kipande chembamba cha ngozi au kadibodi ngumu, na hicho ndicho uti wa mgongo wa kiatu. Uti ukiwa mgumu mno, mguu haupindi. Ukilegea, mchezaji huzama na vidole vyake hubeba uzito usiovihusu. Kiatu kipya pia kina kelele. Wasichana ishirini na wanne wakikimbia kwa viatu visivyopigwa, ukumbi husikia kishindo mahali palipotakiwa mabata maji wa baleti ya Swan Lake wateleze kimya. Ndiyo sababu ya kile kipigo cha ngazini.

Ncha haikuwa ngumu tangu mwanzo. Mcheza baleti Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, alisimama kwenye ncha za vidole kwa viatu laini vya satini vilivyotiwa darizi ya uzi kwenye ncha na pembeni. Nguvu yote ilitoka miguuni mwake. Ncha ngumu zilikuja baadaye katika karne hiyo, nazo zikafungua njia ya mizunguko mingi mfululizo, kama ile 32 ya mguu mmoja ambayo Pierina Legnani aliicheza katika Swan Lake mjini St. Petersburg mwaka 1895.

Ugumu huo haudumu. Joto na jasho hulainisha gundi, hivyo kiatu huanza kufa tangu kinapovaliwa, na mwenye nafasi kuu anaweza kumaliza jozi nzima kwa usiku mmoja. Katika kampuni ya Freed, iliyoanzishwa London mwaka 1929, viatu bado hutengenezwa kwa mkono: hushonwa ndani nje, kisha hugeuzwa. Kila fundi hupiga alama yake chini ya wayo, kama vile samaki, nanga au kengele. Mcheza baleti akishampata fundi anayeuelewa mguu wake, humng'ang'ania kwa miaka, hata kama hawajawahi kuonana.

Kutoka dukani kiatu hicho huja bila tepe zilizoshonwa. Hiyo ni kazi ya mvaaji. Hukikunja kisigino kwa ndani kupata mahali pa tepe, hushona kwa uzi mnene, na wengi hutumia uzi wa kusafishia meno kwa sababu haukatiki ovyo. Ncha za tepe huchomwa kidogo kwa kiberiti zisifumuke. Jukwaani fundo hukaa upande wa ndani wa kifundo cha mguu, ndani ya kijishimo kati ya mfupa na mshipa wa kisigino, na mikia yake hufichwa chini ya tepe. Wapo wanaolishona kabisa fundo hilo kabla ya kutoka, kwani mkia wa tepe ukichomoza, macho ya ukumbi mzima huufuata.

Rangi nayo ina historia. Satini ya waridi ilikusudiwa ifanane na ngozi ya Wazungu ili mstari wa mguu usikatike machoni. Kwa mchezaji mweusi, waridi hiyo hukata mguu vipande viwili. Kampuni ya Dance Theatre of Harlem, iliyoanzishwa New York mwaka 1969, iliamua katika miaka ya 1970 kwamba wachezaji wake wavae taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao. Kwa miongo mingi hilo lilimaanisha kukaa na sifongo na fondesheni, ukipaka kila kiatu kwa mkono. Mwaka 2018 tu ndipo Freed, ikishirikiana na kampuni ya Ballet Black ya London, ilipoanza kuuza viatu vya ncha vya rangi ya shaba na ya kahawia.

Viatu vya ncha vimefika hata Nairobi, ambako wanafunzi wa Dance Centre Kenya hucheza baleti ya The Nutcracker kwenye jukwaa la Kenya National Theatre. Mzazi wa Afrika Mashariki aliyezoea mtumba anapaswa kujua hili: gauni la mtumba halina neno, lakini kiatu cha ncha kilichovaliwa kimeshashika umbo la mguu wa mtu mwingine na uti wake umeshavunjika. Kumpa mtoto ni kuhatarisha vifundo vyake.

Mengine yote hukaa mkobani: pini na neti ya nywele, plasta, lastiki ya akiba, jozi ya pili iliyokwisha kushonwa, sindano iliyokwisha kutiwa uzi. Vazi la tutu, lenye matabaka kumi hivi ya neti, hufungwa mgongoni kwa kulabu. Kulabu moja ikikatika, nyingine hushika. Hakuna anayeweza kujifunga mwenyewe, kwa hiyo mfungaji ni mtu wa kuheshimiwa sana.

Katika kumbi za Uingereza, pazia likipangwa kufunguliwa saa moja na nusu usiku, msimamizi wa jukwaa hutangaza "nusu saa" saa moja kasoro dakika tano, yaani dakika 35 kabla. Saa moja na dakika ishirini na tano huwaita wanaoanza. Pembeni mwa jukwaa kuna sanduku lenye unga wa utomvu mkavu wa msonobari. Mcheza baleti hukanyaga humo, kushoto na kulia, asiteleze. Utomvu huohuo wapiga fidla walioketi chini ya jukwaa wameshaupaka kwenye pinde zao.

Saa tatu baadaye, makofi yakiisha, yule msichana yumo chumba cha kuvalia, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Kiatu alichokigonga ngazini kimelegea kama kitambaa. Anakata uzi, anazitoa tepe ambazo bado ni nzima, na kutoka mkobani anatoa jozi ya kesho.