Maneno Yasiyo na Mwenyewe

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Kafutuma, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Mama yangu mkubwa ni mjane, naye huuza dagaa wakavu sokoni. Siku moja simu za watu wengi zilipokea sauti ya mtu asiyejitaja, ikisema kwamba mjane huyu amepata mali yake kwa kuwaua kwa uchawi watoto waliozama ziwani. Ilipofika Jumamosi hapakuwa na mtu wa kununua dagaa wake, na usiku mawe yalitupwa juu ya bati la nyumba yake.

Tulikwenda polisi. Sheria ya uchawi ya mwaka 1914, ambayo ingali sheria ya Zambia, yasema kwamba kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Lakini ilitungwa wakati ambapo msingiziaji alionekana kwa macho. Sasa ashikwe nani? Ni kweli kwamba kila kadi ya simu huandikishwa kwa jina la mtu; lakini habari ikipokezwa simu hata simu, jina la aliyeianzisha halifuatani nayo. Kila tuliyemwuliza alijibu, "Mimi nimeletewa tu."

Jambo hili si dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 watu wa miji kadhaa ya Zambia walipuliziwa sumu majumbani mwao usiku. Hofu na uvumi vikaenea nchini, na umati wa watu ukaua watu zaidi ya 40 kwa kuwashuku tu, bila kesi.

Je, yafaa basi kila asemaye alazimishwe kutaja jina? Hapana. Hapa kwetu uvuvi hufungwa tangu Desemba hata mwisho wa Februari, ili samaki wazaane. Mvuvi mnyonge akiwataja hadharani wanaovua kwa siri, aweza kuchomewa mtumbwi. Huko Tanzania, Bwana Maxence Melo alikamatwa Desemba 2016, akashitakiwa kwa kukataa kuwapa polisi habari za watu walioandika kwa majina ya kubuni katika mtandao wake wa JamiiForums. Baadhi yao walikuwa wamefichua mambo ya rushwa. Watu wa namna hii wasipofichwa, nani atasema tena?

Tofauti, kwa maoni yangu, ni hii: neno lapelekwa kwa nani? Mvuvi yule akimwendea ofisa wa samaki, ofisa atamjua, atalificha jina lake, kisha atakwenda ziwani kutazama kama ni kweli. Hapo mshitakiwa hapati adhabu kabla ya uchunguzi. Lakini neno likitupwa kwa umati, hakuna wa kulichunguza. Mawe huja kwanza. Kwa hiyo atakaye kuficha jina lake na ampelekee neno mwenye kazi ya kulichunguza. Atakaye kuuambia umati na aweke jina lake, akubali kuulizwa.

Nasi tunaopokeza tusijione wasafi. Mwezi mmoja kabla ya hayo, mimi mwenyewe nilikuwa nimepokeza habari kama hiyo juu ya mwalimu mmoja nisiyemjua. Sikuuliza ni ya nani.

Mwenye sauti ile hakupatikana. Mama mkubwa amehamisha meza yake Kashikishi, ambako wanunuzi hawamjui.