Nati Ndiyo Huchagua Spana

Katika soko la Marekani la vipuri vya bunduki za familia ya AR-15, kifaa kinachowasumbua wanunuzi kuliko bei yake inavyostahili ni spana ya nati ya mtutu, yaani ile nati kubwa ya duara inayouunganisha mtutu na kiwiliwili cha bunduki na ambayo, katika miundo mingi ya leo, ndiyo pia hushikilia kinga ya mkono. Kinga ya mkono ni ala ya plastiki, alumini au nyuzi za kaboni inayouzunguka mtutu ili mkono wa mbele wa mpigaji upate mahali pa kushika bila kuungua, kwa kuwa mtutu hupata joto kali risasi zinapofyatuliwa mfululizo. Mnunuzi wa kawaida huuliza dukani kama ipo spana ya AR-15, na spana anayopewa huwa inafaa kabisa kwa bunduki ya zama za babu yake lakini huenda isiingie kwenye ile anayoirekebisha yeye. Swali lenye manufaa ni jingine: nati iliyomo, au itakayowekwa, imechongwa vipi upande wake wa nje?

Hapo mwanzo swali hilo halikuwa na maana, kwa sababu nati ilikuwa moja. Eugene Stoner na wenzake waliibuni AR-15 mwishoni mwa miaka ya 1950 katika ArmaLite, tawi la kampuni ya ndege ya Fairchild, na asili hiyo ya viwanda vya ndege ndiyo inayoeleza kwa nini kiwiliwili cha bunduki hiyo ni cha alumini badala ya chuma kizito. Colt ilinunua haki za muundo huo mwaka 1959, kisha jeshi la Marekani likaichukua bunduki kwa jina la M16. Nati yake ya mtutu ilikuwa na meno yaliyochongwa kuizunguka, na spana ya jeshi ilikuwa na vijino vilivyolingana na nafasi za meno hayo, hivyo fundi wa kikosi aliyekuwa na spana moja aliweza kuhudumia kila bunduki iliyoletwa mezani kwake.

Kinga ya mkono ya bunduki hizo za awali haikuhitaji spana hata kidogo. Ilikuwa vipande viwili vya plastiki vilivyobanwa nyuma na pete yenye springi, ambayo mtu huivuta kwa vidole kuelekea nyuma, akachomoa kipande kimoja na kufuatisha cha pili. Springi hiyo ni ngumu, na askari wengi waliifungua wawili wawili, mmoja akivuta pete na mwenzake akichomoa plastiki. Jeshi lilipokuja na toleo la M16A2 katika miaka ya 1980, pete ilipewa umbo la kuteremka ili ishikike vizuri zaidi, na vipande vya kinga vikafanywa kufanana ili ghala litunze kipuri cha aina moja badala ya cha kulia na cha kushoto. Jambo hili bado ni la kuzingatiwa leo, kwa sababu zipo kinga za alumini zinazouzwa kuchukua nafasi ya vipande hivyo vya plastiki bila nati kuguswa, na mwenye kununua kinga ya namna hiyo hana sababu ya kununua spana yoyote.

Kilichobadilisha mambo ni hamu ya shabaha. Kinga ya zamani hushikwa nyuma na pete na mbele na kikombe kilichofungwa kwenye mtutu wenyewe, kwa hiyo mpigaji akiiegemeza juu ya mfuko wa mchanga au akiuvuta mkanda wa begani kwa nguvu, mzigo huo huhamia kwenye mtutu, ukaupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho lakini kinachotosha kuhamisha mahali risasi inapotua. Dawa yake ni kinga ya mkono isiyogusa mtutu: mrija mrefu uliofungwa upande wa nyuma tu, kwenye nati, ukaachwa kuelea kuuzunguka mtutu bila kukutana nao popote. Kwa kuwa nati sasa ilipewa kazi ya kubeba mrija mzima, ile ya kijeshi haikutosha tena, na kila mtengenezaji akachonga nati ya kwake.

Watengenezaji hao ni wengi kwa sababu mbili ambazo mnunuzi haoni dukani. Hataza za Colt juu ya bunduki hiyo ziliisha mwaka 1977, na tangu hapo kampuni yoyote yenye kibali iliweza kuitengeneza. Tena, sheria ya shirikisho ya Marekani huitambua sehemu ya chini ya kiwiliwili, ile yenye namba ya usajili, kuwa ndiyo bunduki yenyewe, ilhali mtutu, nati na kinga ya mkono huuzwa kama vipuri vya kawaida. Raia wa huko anaweza basi kuagiza kinga mpya na kuifunga gerejini kwake, na kampuni zinamshindania kwa wepesi wa alumini na umbo la matundu ya kufungia tochi na vifaa vingine. Matundu hayo yalifikia kuwa na mifumo inayotambulika sokoni, KeyMod ikatangulia na M-LOK ya kampuni ya Magpul ikafuata, lakini nati iliyojificha ndani ya mrija haikupata mfumo wa pamoja. Kinachobaki sawa ni hesi za ndani tu, zenye kipenyo cha inchi moja na robo na mizunguko 18 kwa kila inchi, kwa sababu hizo lazima ziingiane na kiwiliwili.

Upande wa nje ndiko kuna utofauti. Zipo nati zilizobaki na meno ya kijeshi, na hizi hukubali spana ya zamani yenye vijino. Zipo zenye bapa mbili au sita kama nati ya kawaida ya bomba, zinazohitaji spana mdomo wazi, pana na nyembamba. Zipo zenye mifereji iliyopangwa kuzunguka mwili mzima, ambazo hushikwa na soketi maalumu inayovikwa kutokea mbele ya mtutu. Na zipo zenye matundu ya kuingizia pini. Watengenezaji wengi hutia spana inayofaa ndani ya kasha la kinga, na hiyo, hata ikiwa ya bati nene isiyovutia, mara nyingi ni bora kuliko spana ya bei kubwa yenye maumbo matano katika mpini mmoja. Spana malaya, kama mafundi wa gereji za Afrika Mashariki wanavyoiita ile ya kurekebishika mdomo, haifai hapa hata pale inapoonekana kuingia, kwa kuwa taya zake hucheza, na nati ya alumini iliyokwaruzwa kona mara moja haishikiki vizuri tena.

Kuipata spana inayoingia bado ni nusu ya kazi, kwani nati hii hukazwa kwa kipimo. Mwongozo wa matengenezo wa jeshi huweka kiwango cha kuanzia futi-paundi 30 hadi 80, yaani takriban newton-mita 41 hadi 108, ambacho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha inayopatikana kwa kuzidisha msukumo wa mkono kwa urefu wa mpini. Upana wa kiwango hicho una sababu. Juu ya nati ya kijeshi hupita mrija mwembamba wa gesi unaorudisha nyuma sehemu ya gesi ya baruti ili kuiendesha bunduki, nao hupenya katika nafasi kati ya meno ya nati; fundi hukaza hadi kiwango cha chini, kisha huendelea kidogo kidogo mpaka nafasi iliyo karibu ilingane na tundu la mrija kwenye kiwiliwili. Mrija ukisukumwa upande na jino la nati, msuguano huanza mahali ambapo haukutarajiwa na bunduki huweza kukwama. Nati nyingi mpya ni ndogo kwa nje kiasi kwamba mrija hupita juu yake bila kugusana, nyingine huja na pete nyembamba za kujazia ili ulingano upatikane bila kukaza kupita kiasi, na kila moja ina kipimo chake kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho ndicho cha kufuatwa badala ya kile cha jeshi.

Kipimo hicho husomwa na spana ya kupimia nguvu, ambayo ndani yake springi huachia kwa mlio mfupi pindi nguvu iliyowekwa inapofikiwa. Conrad Bahr, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York, hutajwa kuwa ndiye aliyeibuni mwaka 1918 ili wafanyakazi wasikaze mno bolti za mabomba. Spana ya nati ya mtutu huchomekwa kwenye kifaa hicho kupitia tundu la mraba la nusu inchi, na hapo ndipo hesabu huwapotea watu wengi. Ikiwa mpini wa kupimia una sentimita 45 na spana ya nati imeongeza mbele yake sentimita 5 katika mstari uleule, kipimo cha newton-mita 60 kitaifikishia nati karibu 67. Anayetaka 60 kamili huzidisha 60 kwa 45, akagawanya kwa 50, na kuuweka mpini kwenye 54. Njia rahisi zaidi ni kuigeuza spana ya nati ikae pembe mraba na mpini, kwa kuwa katika mkao huo nyongeza hiyo haibadilishi chochote.

Nguvu yote hiyo lazima ipokelewe na kitu upande wa pili, na pengine hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko kuchagua spana isiyofaa. Mtutu una pini ndogo ya chuma inayokaa katika mkato wa kiwiliwili cha alumini ili usizunguke. Kiwiliwili kikibanwa katika jiliwa, yaani kile kifaa cha mezani chenye taya mbili za kushikilia kazi, kisha nati ikakazwa, msokoto wote huifikia pini hiyo ndogo, nayo huutanua mkato taratibu mpaka mtutu ukae umeinama upande na shabaha isirekebishike kwa vilenga. Ndiyo maana mafundi wengi wamehamia kwenye nondo yenye mifereji inayoingizwa kiwiliwilini kutokea nyuma na kushika meno ya ndani ya kitako cha mtutu, ili mtutu wenyewe ndio uzuiwe na alumini isibebeshwe msokoto. Kabla ya hatua yoyote kati ya hizi, bila shaka, magazini huondolewa, chemba huangaliwa kwa jicho na kwa kidole, na kiwiliwili cha juu hutenganishwa na cha chini.

Hesi hupakwa grisi yenye molibdeni na kamwe si ya grafiti, kwa kuwa grafiti ikikutana na alumini penye unyevu huila kama kutu. Katika bunduki iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, ambapo huenda nati ilifungwa kwa gundi ya hesi badala ya grisi, busara ni kuivua kinga kwanza, kupima upana wa bapa au kuhesabu mifereji, kupasha nati joto ikibidi ili gundi ilegee, na kuagiza spana baada ya hapo.