Je, Wajua? Damu ya Sharubati Iliyowagawa Watazamaji

The Evil Dead, filamu ya kutisha iliyozinduliwa Detroit, Marekani, Oktoba 1981, iligharimu chini ya dola 400,000. Mwongozaji wake, Sam Raimi, alianza kuipiga picha akiwa na miaka 20 tu. Damu ilikuwa sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula. Na yale mapepo yanayopita msituni kwa kasi? Kamera ilifungwa kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku, wakatimua mbio. Basi!

Mwandishi Stephen King aliiona kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1982 na kuisifia jaridani. Sifa hizo zikaifungulia milango ya wasambazaji. Uingereza mambo yalikuwa kizungumkuti: mwaka 1983 kanda zake zilinunuliwa kama njugu, huku polisi wakizikamata madukani. Toleo kamili lilisubiri hadi 2001 kuruhusiwa huko.

Watazamaji hawajawahi kuafikiana. Kuna wanaokosa usingizi, na kuna wanaoangua kicheko wakiona vipodozi vya mapepo vikibanduka. Kwa maoni yetu, wote wana haki: uchachefu wa fedha unaonekana, lakini ubunifu unaonekana zaidi. Tukio la msichana kushambuliwa na miti ndilo lisiloteteeka, na Raimi mwenyewe amekiri kulijutia.

Hao waliocheka hawakupuuzwa. Katika filamu iliyofuata, Evil Dead II ya 1987, shujaa anayeigizwa na Bruce Campbell anapigana na mkono wake mwenyewe, na safari hii kichekesho kilikusudiwa.