Eksozi Nyeusi Baada ya Winta: Soma Masizi Kwanza

Wasee wetu wa Minnesota wanaijua hii. Novemba unapaki ndinga gereji juu barabara zinamwagwa chumvi, na chumvi inakula chuma. Aprili theluji imeisha, unapiga stata, eksozi inatema maji meusi, sakafu yote madoadoa. Msee anashtuka, anaoda plagi, sensa, injekta, doh yote inaishia kwa spea. Maze, tulia. Hayo masizi yanabonga, yasikize kabla hujatoa ganji.

Petroli ikichomeka hutoa mvuke, na kwa eksozi baridi mvuke unageuka maji yanayoosha kaboni ya kitambo na kuitema nje. Hiyo si ugonjwa. Toa gari nje, na usiwahi kuacha injini iwake ndani ya gereji, juu kaboni monoksaidi haina harufu na inaua. Piga nayo haiwei nusu saa hivi, ishike moto kabisa. Ikirudi safi, stori imeisha.

Bado nyeusi? Ngoja ipoe, zungusha kitambaa cheupe kwa mdomo wa eksozi. Masizi makavu kama unga ni petroli imezidi hewa. Ikiteleza kwa vidole ni oili inachomeka, na moshi wa bluu utakuconfirmia. Zile injini zinafyatua petroli direct ndani ya silinda huwanga na masizi kiasi hata zikiwa fiti, hizo usizikosee usingizi.

Kwa masizi makavu, fungua boksi ya filta ya hewa. Panya hutafuta joto winta, hujenga humo na majani na nyuzi. Gari ya karbureta ndio inaumia zaidi hapo, hewa inapungua na petroli iko palepale. Kwa gari za kisasa, uchafu ukifika kwa sensa ya kupima hewa, kompyuta inapewa hesabu mbaya.

Halafu sensa ya joto la maji, test naipenda sana juu haikuli doh. Gari ikiwa imelala usiku mzima, chomeka skana. Gari ndogo zinauzwa Marekani ziko na hiyo soketi chini ya dashibodi tangu 1996. Fungua swichi bila kupiga stata, linganisha joto la maji na la hewa. Zinafaa kukaribiana. Nje ikiwa digrii 10 na sensa inasema hasi 30, kompyuta inaamini ni Januari, na inamwaga petroli ya kuamshia injini hata ikishachemka. Skana ikileta P0172, kompyuta yenyewe imekubali petroli imezidi.

Na hii tabia ya kuwasha gari dakika tano kila wikendi ati ipumue, wachana nayo kabisa. Injini haishiki moto, maji na masizi yanabaki ndani, petroli mbichi inashuka kwa oili. Kabla ya kupaki jaza tangi, mwaga dawa ya kuhifadhi petroli, zunguka nayo kidogo dawa ifike kwa injekta, kisha uidunge chaja ndogo ya betri. Basi.