Kamera Ndogo na Kamera ya Simu
Mwaka 2000 simu yenye kamera iliuzwa huko Japani, nayo picha zake zilikuwa hafifu sana. Simu za sasa hupiga picha kadhaa kufumba na kufumbua, zikaziunganisha kuwa moja. Ndiyo maana uso wa mtu huonekana hata jioni. Kamera ndogo ya bei nafuu kwa kawaida haina akili hiyo, na kipande chake kipokeacho nuru mara nyingi kina upana wa milimita 6 tu. Basi apigaye picha za watoto wake nyumbani asiinunue. Atapoteza fedha bure. Lakini ndege aliye juu ya mti ulio mbali je? Hapo vioo vya kamera husogea, vikamleta karibu kweli. Simu ya bei ndogo hukata tu kipande cha picha na kukikuza, hata manyoya yakawa kama ukungu.