Edgar si mnyonge kama tunavyomdhania

Wasomaji wengi wa Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë iliyotoka Uingereza mwaka 1847, huwa wameshachagua upande kabla ya kufika katikati ya kitabu. Heathcliff ndiye mwanamume. Edgar Linton ni mtoto wa mama, laini, mwepesi wa machozi. Na kweli Edgar hulia: wakiwa bado wavulana, Heathcliff anammwagia usoni rojo la moto la matofaa, naye anaangua kilio. Hata hivyo, hukumu hiyo naiona ya haraka mno.

Heathcliff aliokotwa mitaani Liverpool na mzee Earnshaw, akakuzwa kule Yorkshire pamoja na Catherine, binti wa mzee huyo. Mzee alipofariki, mwanawe Hindley alimkatiza Heathcliff masomo na kumgeuza kibarua wa shamba. Marufuku ya mapenzi yao ilianzia hapo. Hakuna aliyekaa baraza kukataa posa. Kijana alishushwa hadhi mpaka kuolewa naye kukawa fedheha. Catherine mwenyewe anamwambia hivyo Nelly, mtumishi wa nyumba, na Heathcliff aliye pembeni kimyakimya anasikia. Anatoka. Maneno yaliyofuata, kwamba yeye na Heathcliff ni nafsi moja, hayamfikii. Anapotea kwa miaka mitatu.

Kijana huyu alipenda kwa dhati. Kabla ya kuondoka kwake, kuna kalenda ukutani ambayo ameitia alama: msalaba kwa kila jioni ambayo Catherine alikuwa na akina Linton, nukta kwa kila jioni aliyokuwa naye. Anamwonyesha, naye Catherine anamwona anachosha. Ukurasa huo hunisikitisha kuliko vilio vyote vya baadaye, kwa sababu bado hajawa mkatili; anaomba ahesabiwe tu.

Edgar ni mwenye mali, hakimu, mtu wa vitabu, na kosa lake liko papo hapo kwenye vitabu. Heathcliff anaporudi akiwa tajiri, Catherine ameshaolewa na Edgar; ugomvi unazuka, na Edgar anayedhaniwa mwoga anampiga ngumi ya koo. Kisha Catherine anajifungia chumbani siku tatu bila kula, na mume anakaa maktaba akisoma. Hakujua kinachoendelea juu, wala hakupanda kuuliza. Hapo simtetei.

Lakini ugonjwa unapomshika Catherine, Edgar anamuuguza usiku na mchana kwa miezi miwili. Asubuhi moja ya mwezi Machi anamwekea kwenye mto wa kulalia maua ya manjano, ya kwanza kuchipuka baada ya baridi. Heathcliff hana tendo la namna hiyo katika kitabu kizima. Yeye humtaka Catherine. Edgar humtazama anahitaji nini.

Catherine anafariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kike, na kipimo changu cha wanaume hawa kinaanzia kwenye msiba huo. Edgar anamlea binti, anamfundisha mwenyewe, anazeeka naye. Heathcliff naye anaachiwa mtoto: Hareton, mwana wa Hindley, ambaye baba yake alikufa na madeni. Anamnyima shule na kumfanya mtumwa wa shamba lililopaswa kuwa lake, sawasawa na alivyofanyiwa yeye. Baadaye anamlazimisha binti wa Catherine, mtoto wa pekee wa mwanamke aliyesema anampenda, aolewe na mwanawe wa kumzaa, aliye mgonjwa, ili anyakue mali ya Linton.

Juu ya mlango wa nyumba ya akina Earnshaw limechongwa jina la Hareton Earnshaw, babu wa kale wa ukoo, na mwaka 1500. Hareton wa leo hupita chini yake kila siku, na miaka mingi hakuweza kulisoma. Heathcliff alijua uchungu wa kunyimwa kitabu kuliko yeyote pale, na akauchagua kwa makusudi.