Siku 217 Bila Mke Wake

Umewahi kukaa miezi saba bila kumwona umpendaye, huku nje mizinga inalia na ndani njaa inauma? Yalimkuta Sol Plaatje, kijana wa miaka 23, mkalimani wa mahakama mjini Mafikeng, Afrika Kusini.

Makaburu waliuzingira mji ule kuanzia Oktoba 13, 1899 mpaka Mei 17, 1900. Siku 217! Sol alikuwa ndani. Mkewe Elizabeth na mwanao mchanga, St Leger, walikuwa mbali.

Na penzi lenyewe walilipigania, jamani. Yeye Mtswana, mwenzake Mfengu, na ndugu wa pande zote wakagoma. Wawili hao wakaandikiana barua kwa Kiingereza, mwaka 1898 wakaoana. Hata miaka miwili haijaisha, vita ikawatenganisha.

Sol akashika kalamu. Kwenye shajara yake aliandika mabomu, utani, na upweke wa kumkumbuka mkewe. Aliandika pia njaa ya Waafrika. Mgawo wa Wazungu ulikuwa mnono zaidi, Waafrika wengi wakafa kwa njaa, na huku Wabarolong nao walishika bunduki kuulinda mji.

Sifa zote alizoa Kanali Baden-Powell, yule muasisi wa skauti aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Sol alirudiana na Elizabeth, wakapata watoto zaidi, akafariki 1932. Shajara yake ilichapishwa 1973 tu. Lakini miaka mia ya vita ilipotimia, 1999, ikatolewa upya katika toleo maalumu la maadhimisho. Ndipo wengi wakajua kwamba ndani ya mji ule hawakuwemo Wazungu peke yao.

Kwa kweli habari hii imenigusa. Mume wangu yuko Maskati mwaka wa pili sasa, anaendesha lori. Simu tunapigiana, ila mkishakata, maneno yamekwenda. Sasa nimenunua daftari. Namwandikia bei ya unga, jino la kwanza la mwanetu, hata siku niliyomkasirikia asipopokea simu. Akirudi atayakuta yote, matamu na machungu.

Na wewe shosti, mwenzako akiwa mbali, usingoje arudi ndipo umsimulie. Nusu utakuwa umeshasahau. Andika leo, hata mistari miwili, na tarehe juu.